Wiki moja Italia na mama, dada, shemeji na watoto: tukate miji gani?

Koku_Kimara

Habari zenu wanajamvi.

Mdogo wetu wa mwisho anamaliza shahada ya pili Padova, Italia, mwishoni mwa Septemba. Siku yenyewe ni Alhamisi. Familia imekaa kikao, tumechangishana, tumekubaliana kwamba mama lazima awepo. Mama ana miaka 71, Mhaya wa Bukoba, goti la kulia linamsumbua ila mdomo hauna tatizo lolote. Wengine ni mimi, dada yangu mkubwa, mumewe (mtu wa Tanga, Mwislamu, kwa hiyo chakula lazima tuangalie) na watoto wao wawili, mmoja ana miaka sita na mwingine kumi na mmoja. Mume wangu anabaki na nyumba na kuku.

Kazi ipo kwa shemeji. Ametengeneza ratiba kwenye kompyuta, ina rangi kabisa: Milano, Verona, Venice, Padova, Pisa, Siena, Florence, Roma, Pompeii. Wiki moja. Anataka tukodi gari la watu tisa aendeshe mwenyewe, anasema Dar mpaka Arusha anaenda na kugeuza, Italia itamshinda nini. Kuna siku humo tunaamka Pisa, tunakula mchana Siena, tunalala Roma. Mama sijui atakuwa kwenye buti.

Mama mwenyewe ana mawili tu: Papa, na kaburi la Mtakatifu Antoni. Mengine anasema atayatazama yakiwa njiani.

Naombeni ushauri. Tukate miji ipi, tuanzie wapi, gari au treni, tulale wapi (chumba cha mdogo wangu kina kitanda kimoja na jiko la kuchangia), na huyo Papa mama atamwonaje. Bajeti ni ya michango, mnaelewa. Waliowahi kutembea na wazazi ndio nawahitaji zaidi. Wa fungate mtanisamehe.

Tozi_wa_Ilala

Mwachieni shemeji gari lake, nyie pandeni treni, mkutane uwanja wa ndege siku ya kurudi. Nakaa hapa kusubiri wajuzi.

BiMwana_Reading

Kabla ya miji, dada, viza. Ombeni kupitia Italia kwa kuwa ndiko mtakakokaa siku zote. Ada ya viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, kwa mtu mzima ni euro 90, na watoto hao wote wawili wanaangukia kundi la euro 45, kwa sababu linaanzia miaka sita mpaka kabla ya kutimiza kumi na mbili. Bima ya safari lazima ifike angalau euro 30,000 ya matibabu. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na yasipungue siku kumi na tano, lakini mkisubiri hizo kumi na tano mtalia.

Mdogo wenu atume barua ya mwaliko, nakala ya kibali chake cha kuishi, na karatasi ya chuo yenye tarehe ya mahafali. Hiyo karatasi ina nguvu, inaeleza kwa nini mnaenda wote kwa pamoja. Halafu angalieni majina. Wazazi wetu cheti kina jina hili, pasipoti ina lile, cheti cha ndoa kina la tatu. Kama mama ana hali hiyo, kiapo cha mahakamani kifanywe sasa hivi, wala msingoje kuulizwa dirishani.

Na mmoja wenu akilala kwa mdogo wenu, yeye kama mwenyeji anatakiwa kuwaarifu polisi ndani ya saa 48. Ni fomu tu, lakini ni sheria yao.

MtuWaMalindi

Dada Koku, kwanza mpe mama shikamoo yangu.

Mimi ni mzaliwa wa Malindi. Kiitaliano nilikiokota ufukweni nikiwa kijana, kama wenzangu wengi wa kule, na sasa nafanya kazi mapokezi ya hoteli hapa Mestre, upande wa bara, ng'ambo ya daraja kutoka Venice. Kila jioni napokea familia. Ninazijua zile zilizotembea miji mingi: baba amebeba mabegi yote, mama hamsemeshi, na bibi anauliza chumba kiko ghorofa ya ngapi. Kwa hiyo nitasema sana, mnivumilie.

Milano, Siena na Pompeii, futa leo. Verona na Pisa ni za wenye miguu. Mbaki na Padova, Venice, Florence na Roma, na hiyo Florence ni usiku mmoja. Fikieni Venice, ondokeeni Roma. Mwambieni wakala wa tiketi hivyohivyo, kuingilia mji huu na kutokea ule, maana mkinunua ya kwenda na kurudi palepale mtapoteza siku nzima kurudi nyuma tu.

Gari, hapana. Miji ya zamani huku ina eneo la katikati linaloitwa ZTL, gari lisilo na kibali haliingii. Geti hakuna wala askari hayupo. Kuna kibao chenye duara jekundu na kamera juu ya nguzo, na mgeni akikisoma kibao ameshapita. Faini inamfuata nyumbani miezi kadhaa baadaye, na kampuni aliyokodi inakata ada yake kwa kazi ya kulitoa jina lake kwa polisi. Ukizunguka mtaa mara tatu ukitafuta hoteli, hesabu faini tatu. Binamu yangu aliyekuja kutoka Muscat alipata barua mpaka akadhani anaitwa kazini. Tena leseni ya nje ya Ulaya huku inataka iambatane na ile ya kimataifa. Shemeji ni dereva mzuri, sina shaka, ila hapa hapimwi kwa udereva.

Lalieni Padova kwa ile sehemu ya kwanza yote. Vyumba ni nafuu kuliko ndani ya Venice, mnakuwa karibu na kijana, na mabegi hayavuki daraja hata moja. Kutoka Padova mpaka Venice ni nusu saa hivi kwa treni ya mkoa, na haifiki hata euro 6. Hizo za mkoa, regionale, bei yake haipandi, kateni siku hiyohiyo. Mkipewa ya karatasi, igongeni kwenye kile kimashine cha stesheni kabla ya kupanda. Mkaguzi hajali kwamba mmelipa, anajali muhuri. Za kasi, Frecciarossa na Italo, ndizo zinazopanda bei kadiri siku inavyokaribia. Padova hadi Florence na Florence hadi Roma kateni mapema, kila kipande ni saa moja na nusu na dakika chache. Kwenye mabango Florence imeandikwa Firenze na Venice ni Venezia. Na saa zao ni za kuanzia usiku wa manane, treni ya 14:30 ni saa nane na nusu mchana. Nawaambia kwa sababu nimeona watu wakikimbia.

Mkienda Venice msishuke Venezia Mestre. Endeleeni mpaka Venezia Santa Lucia, mwisho wa reli. Mestre hakuna mfereji wala gondola, kuna sisi tu.

Kwa goti la mama, mdogo wako awasiliane mapema na Sala Blu, ndiyo ofisi ya stesheni inayohudumia wazee na wenye ulemavu. Wanakuja na kiti cha magurudumu na lifti ya kumpandisha behewani, na hawatozi chochote. Stesheni kubwa zote mnazopita zinayo. Wengi wetu tunaona aibu kuomba, kana kwamba mama atasemwa mgonjwa. Omba.

Sasa Venice. Ina madaraja zaidi ya 400 na karibu yote ni ngazi za kupanda na kushuka. Mama asitembezwe. Mkitoka tu stesheni mnaona maji. Pandeni vaporetto, basi la majini, laini namba 1. Inateremka Mfereji Mkuu wote, inapita chini ya daraja la Rialto, mpaka uwanja wa San Marco, taratibu, dakika 45 hivi. Mama anakaa, majumba ya wafanyabiashara wa zamani yanampita kushoto na kulia, na hiyo ndiyo Venice yenyewe, hata msipofanya kingine. Tiketi moja ni euro 9.50 kwa dakika 75. Ya saa 24 ni euro 25, na kwa siku ya kupanda na kushuka ndiyo itakayowafaa, maana mnafika nayo hadi Murano. Ile ada ya kuingia mjini wanayotozwa wasiolala ndani, mpaka sasa imekuwa ya siku maalumu kati ya Aprili na Julai. Septemba isiwasumbue.

Gondola ni euro 90 kwa nusu saa mchana, na 110 kuanzia saa moja usiku, bei iliyopangwa na jiji, ya chombo kizima na si ya kichwa. Mwisho ni watu watano. Nyinyi pamoja na mhitimu ni saba, kwa hiyo ni mbili. Mimi naona hela hiyo mkale samaki. Kuna gondola za kuvushia watu ng'ambo ya mfereji, traghetto, euro 2 tu. Wapeleke watoto wakavuke na kurudi. Wakisema shuleni wamepanda gondola hawatakuwa waongo.

Murano nendeni kwa sababu ya ushanga. Ushanga mwingi uliobebwa na misafara ya karne ya 19 kutoka pwani yetu kwenda bara, ule samesame mwekundu uliolipia chakula na hongo za njiani hadi Ujiji, ulitoka kwenye tanuri za Venice na Murano. Wenye duka hawatawaambia, wao wanaeleza habari za vinara vya wafalme tu. Muulizeni mama bibi yake alivaa wa rangi gani. Na mkitaka kununua, tafuteni nembo ya Vetro Artistico Murano dirishani, maana vingi vinavyouzwa karibu na San Marco vimesafiri kutoka mbali kuliko nyinyi.

Mtakatifu Antoni hana shida kabisa. Padova kuna tramu inatoka stesheni mpaka karibu na basilika, na watu wa mji hawalitaji hata jina, wanasema tu il Santo. Alifariki Juni 1231, wakaanza kujenga mwaka uliofuata. Kuingia ni bure. Kaburi liko kwenye kikanisa cha upande wa kushoto, watu wanapanga mstari, wanazunguka nyuma na kuweka kiganja kwenye jiwe. Msimharakishe mama hapo. Halafu mzungukeni mpaka nyuma ya altare kuu, kwenye masalio: ulimi wake umehifadhiwa, kwa kuwa alikuwa mhubiri. Mama mwenye mdomo ataelewa haraka kuliko nyinyi. Nendeni asubuhi siku ya kazi, mkitoka mkapumzike Prato della Valle, uwanja mkubwa wenye mfereji wa umbo la yai na sanamu 78. Watoto watakimbia, wazee watakaa.

Kuhusu mahafali, mtayarisheni mama. Sahauni majoho na bendi ya polisi. Mtoto akishatangazwa anavishwa taji la majani mabichi, hapo mama atapiga vigelegele na ni halali yake. Lakini Padova wana desturi ya papiro. Marafiki wanabandika ukutani karatasi kubwa yenye katuni ya mhitimu na mashairi ya kumfichua, siri zake zote tangu afike. Wanamvalisha nguo za kichekesho, anaisoma kwa sauti mtaani, akikosea anakunywa, na wao wanaimba wimbo wenye matusi ya nguoni. Ni mapenzi, sivyo kama inavyoonekana. Mdogo wako akaongee na wenzake wapunguze makali, au mama apelekwe kupumzika baada ya picha. Na mtu yeyote asimtafsirie ule wimbo.

Florence sina mengi. Wapenda sanaa watanishambulia, sawa. Fikeni Ijumaa mchana. Kutoka stesheni ya Santa Maria Novella hadi kanisa kuu ni tambarare, mwendo mfupi. Kuba la kanisa hilo msanifu Brunelleschi alilianza 1420, lina ngazi 463 na tiketi ya kukatwa kabla. Wenye nia wapande, mama akae uwanjani na aiskrimu. Sanamu ya Daudi ya Michelangelo iko makumbusho ya Accademia, urefu unapita meta 5, nayo inafungwa Jumatatu kwa hiyo nyinyi mko salama. Jioni pandeni basi la 12 au 13 hadi Piazzale Michelangelo, linawashusha juu kabisa bila ngazi. Wewe Koku, kama unapenda utumbo, Florence wanauza mkate wa lampredotto vibandani, ni tumbo la nne la ng'ombe, linachemshwa na kukatwakatwa mbele yako. Shemeji asile, nyama yake haikuchinjwa kihalali.

Roma fikeni Jumamosi jioni. Hadhara ya Papa ya Jumatano, anapokutana na umma, hamtaipata, Jumatano mko Padova mnapiga pasi. Lakini Jumapili saa sita kamili mchana huwa anatokea dirishani, anasali sala ya Malaika wa Bwana pamoja na umati, anatoa baraka. Haina tiketi. Angalieni tu kwamba Jumapili hiyo hayuko safarini. Mpange foleni ya ukaguzi mapema, kama saa nne na nusu, na mumbebee mama kigoda cha kukunja, kwa sababu wengi husimama. Mtu akiwauzia tiketi ya kumwona Papa, Jumapili au Jumatano, ni tapeli. Hata za Jumatano hutolewa bure. Kuingia basilika la Petro nako ni bure, mabega na magoti yafunikwe. Mama na kitenge chake hana wasiwasi, mkague wewe na dada. Makumbusho ya Vatikani hufungwa Jumapili isipokuwa ya mwisho wa mwezi, ambayo ni bure, na kwa sababu ni bure, mama asikanyage. Nendeni Jumatatu kama mna nguvu.

Colosseo, ule uwanja wa michezo wa Warumi wa kale: tiketi zina majina na mlangoni wanadai kitambulisho, bebeni pasipoti. Walio chini ya miaka 18 hawalipi, ila lazima nao wakatiwe tiketi ya sifuri. Lifti ipo. Barabara za Roma ni za mawe madogo yasiyolingana, magurudumu ya kiti yanarukaruka, viatu vya mama viwe vya kufunga. Maji msinunue: mabomba ya chuma yanatiririka mitaani usiku na mchana, ni safi na baridi. Basi namba 64 linalotoka stesheni kuu ya Termini kwenda upande wa Vatikani, pochi zikae mbele. Na kijana akikuvisha bangili huku akikuita dada wa Afrika, ivue palepale umrudishie.

Chakula cha shemeji. Carbonara na amatriciana ni mashavu ya nguruwe, hata kama hayaonekani. Cacio e pepe ni jibini na pilipili manga tu. Pizza marinara haina nyama wala jibini. Venice ale samaki, na tambi za wino wa ngisi, asiogope rangi. Bucha za halali Roma ziko mtaa wa Esquilino, karibu na Piazza Vittorio, na wali wa Wabangladeshi upo huko huko. Mama akiwachoka na tambi, huku kwetu mkoa wa Veneto agizeni polenta bianca, unga wa mahindi meupe. Ni laini zaidi, lakini akifumba macho yuko nyumbani.

Na neno moja kwa shemeji mwenyewe. Si lazima saba waone vitu saba kwa pamoja. Asubuhi mkae wote na mama. Baada ya chakula cha mchana mama na atakayetaka warudi kulala, wengine waende watakako, mkutane saa moja jioni. Familia zinazofanya hivyo nikiziona jioni bado zinacheka.

Kyaka_Junction

Mtu wa Malindi umemaliza, ila nina nyongeza kwa mama wa Bukoba. Mkifika Roma mpelekeni kanisa la San Francesco a Ripa, mtaa wa Trastevere. Kardinali Laurean Rugambwa alipoteuliwa na Papa Yohane XXIII mwaka 1960, Mwafrika wa kwanza kuwa kardinali katika nyakati hizi, kanisa la Roma alilopewa kuwa lake la heshima ni hilo. Mtakatifu Fransisko mwenyewe anasimuliwa kufikia mahali hapo alipokuja Roma. Ndani kuna sanamu aliyoichonga Bernini ya mwenyeheri Ludovica Albertoni, amelala, mkono kifuani, marumaru inaonekana kama shuka kabisa. Watalii ni wachache, kuna mabenchi, na mtaa ni tambarare.

Mama yangu alikuwa darasani Rugambwa alipoteuliwa, akatuhadithia shule zilivyofungwa siku hiyo wakaimba mpaka jioni. Kama mama Koku ana miaka 71 basi alikuwa mdogo sana, lakini nyumbani atakuwa aliyasikia.

Nesi_Verona

Napinga kidogo. Verona iko karibu, chini ya saa moja kwa treni kutoka Padova, si mji wa kufutwa tu. Siyo kwa ajili ya ile roshani ya Juliet wa Romeo, hapo ni foleni na simu juu. Nendeni basilika la San Zeno. Zeno ndiye mtakatifu msimamizi wa mji huu, askofu wa karne ya nne, mapokeo yanasema alitoka Mauretania ya Afrika Kaskazini. Ndani ya basilika kuna sanamu yake ameketi, uso mweusi, anacheka. Watu wa hapa wanamwita San Zeno anayecheka. Wagonjwa wangu wa Kiitaliano wakinichokoza kwamba nimetoka mbali, nawauliza na askofu wenu je?

Jumatano, siku moja kabla ya mahafali, kijana atakuwa na wasiwasi na hatawataka karibu. Wenye nguvu njooni Verona asubuhi, mrudi jioni.

Koku_Kimara

Jamani. Nimesoma hapa kwa sauti sebuleni. Mama alipofika kwa Rugambwa aliniambia nirudie, halafu akaanza kuimba Kihaya, sasa hivi anampigia dada yake simu. Kanisa hilo limeshaingia kwenye ratiba, hakuna wa kulitoa.

Papiro nimemtumia mdogo wangu nikamuuliza ni kweli? Amejibu kwa kicheko tu. Nimeogopa zaidi.

Mtu wa Malindi, asante sana kaka. Maswali mawili. Hoteli za huko zinadai kodi nyingine juu ya bei ya chumba? Nimeona maandishi fulani madogo. Na jioni za mwisho wa Septemba baridi ipo, maana mama akisikia upepo tu anatafuta sweta.

MtuWaMalindi

Ndiyo, ni kodi ya jiji ya kulala, kwa kila mtu kila usiku, na kiasi chake kinategemea mji na daraja la hoteli. Mara nyingi haimo kwenye bei uliyolipa mtandaoni, inalipwa kaunta. Watoto wadogo husamehewa, umri unatofautiana mji kwa mji. Msimgombeze mtu wa mapokezi, pesa hiyo inakwenda manispaa, na mtu wa mapokezi huenda akawa mimi. Mgahawani nako kuna coperto, euro mbili tatu kwa kichwa kwa ajili ya meza na mkate, imeandikwa chini ya menyu. Kahawa ukiinywa umesimama kaunta ni rahisi, ukikaa mezani uwanja wa San Marco utalipia na muziki.

Baridi: mchana fulana inatosha, jioni sweta la mama lina kazi, hasa juu ya maji. Na mwavuli mmoja mwepesi.

Shemeji_Mwenyewe

Nimeonyeshwa uzi huu na mke wangu. Nawashukuru kwa kunisema vizuri. Gari nimeliacha, ile habari ya kamera imenimaliza. Milano, Siena na Pompeii nazo basi. Lakini Pisa siiachi. Nilimwahidi mwanangu mkubwa picha ya kuusukuma ule mnara ulioinama tangu akiwa darasa la pili. Inawezekana bila kumsumbua mama?

MtuWaMalindi

Inawezekana, shemeji. Jumamosi asubuhi, wewe na mkubwa peke yenu. Mdogo abaki na bibi, kwanza walio chini ya miaka minane hawaruhusiwi kupanda mnara hata wakilia. Kutoka Florence ni regionale, saa moja hivi. Treni nyingi zinaishia Pisa Centrale na kutoka hapo ni mwendo wa zaidi ya dakika 20 kwa miguu. Mkipata inayosimama Pisa San Rossore mko karibu zaidi.

Picha ni bure, uwanja ni wa wote. Kupanda ndani ni tiketi ya saa maalumu, kateni kabla, na begi hamuingii nalo, linaachwa pale pale kwenye sehemu ya kuhifadhi. Mnara ulianza kujengwa 1173 na uliinama ungali mfupi, kwa sababu udongo wa upande mmoja ni laini. Walipoendelea juu wakajaribu kuunyoosha, ndiyo maana ukiutazama vizuri umepinda kidogo. Ulifungwa 1990 hadi 2001 ukapunguzwa mwinamo kwa kutoa udongo chini ya upande ulioinuka. Mweleze mtoto hayo mkiwa kwenye ngazi, atahisi mwili ukivutwa ukutani, upande huu halafu ule.

Mabegi yaacheni hoteli ya Florence baada ya kukabidhi chumba, wanawawekea. Mkirudi saa nane, treni ya Roma kateni ya kuanzia saa kumi.